Roboti ya kupima sauti ya majengo: kwanza ijue kunyamaza

Swali: Shikamoo mhandisi. Nasoma uhandisi wa mekatroniki hapa Mbeya, niko mwaka wa mwisho. Hosteli niliyokaa mwaka jana ni mpya, ya tofali za saruji na lipu nzuri, paa la bati, lakini mazungumzo ya chumba cha pili tulikuwa tunayasikia neno kwa neno. Nataka mradi wangu uwe roboti ya magurudumu inayoingia vyumbani na kupima sauti inayopenya kuta. Msimamizi wangu ameniuliza hiyo roboti itafanya nini ambacho mtu mwenye kipima sauti hawezi kufanya, na sikuwa na jibu. Je, wazo lina maana? Na nianzie wapi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Wazo lina maana, ila swali la msimamizi wako ni zuri kuliko wazo lenyewe, kwa hiyo nitaanza na lake. Roboti inamzidi mtu kwa mambo mawili. La kwanza, inarudi kusimama palepale iliposimama mara iliyopita, hata baada ya miezi mitatu. La pili, haina mwili unaomeza sauti, unaopumua na kuchakarisha nguo chumbani wakati kipimo kinaendelea. Andaa mradi wako wote kuzunguka hayo mawili. Magurudumu yatafuata baadaye, na kwa hosteli huenda usiyahitaji kabisa.

Tuelewane kwanza kuhusu kipimo chenyewe. Kanuni inayofuatwa kimataifa ni ISO 16283-1, iliyotoka mwaka 2014. Unaweka spika chumba kimoja, unatoa kelele yenye masafa yote kwa pamoja, unapima kiwango chake humo ndani, kisha unapima kilichofika chumba cha pili, milango yote ikiwa imefungwa. Tofauti ya viwango hivyo ndiyo mwanzo wa jibu. Nasema mwanzo kwa sababu chumba cha pili kikiwa kitupu, lipu kila upande na sakafu ya saruji, sauti iliyoingia itazunguka humo kwa muda mrefu na utaulaumu ukuta bure. Kwa hiyo unapima pia muda wa mwangwi, yaani sekunde ambazo sauti inachukua kushuka kwa desibeli 60 baada ya spika kuzimwa, kisha kwenye ile tofauti unaongeza 10 log (T/0.5), T ikiwa ndio muda huo wa mwangwi. Sekunde 0.5 ndizo zinazohesabiwa kuwa hali ya kawaida ya chumba chenye samani. Vyote hupimwa kwa bendi za theluthi ya oktavu, yaani vipande vyembamba vya masafa, vitatu kila masafa yanapoongezeka maradufu, na mwishoni kanuni nyingine, ISO 717-1, huzikusanya bendi 16, kuanzia hezi 100 hadi 3150, zikawa namba moja ambayo mwenye jengo anaweza kuielewa.

Sasa hesabu jasho la mpimaji. Spika inatakiwa ikae angalau sehemu mbili. Kwa kila sehemu, maikrofoni ikae angalau nukta tano chumba cha chanzo na tano chumba cha kupokea. Hivyo ni vipimo 20 kwa ukuta mmoja, bado hujapima kelele ya mazingira wala mwangwi. Kila safari mtu anafungua mlango, anaingia, anasogeza stendi, anatoka, anafunga. Kufikia ukuta wa nne amechoka, na mtu aliyechoka huweka stendi pale panapomrahisishia. England na Wales, ambako tangu 2003 nyumba mpya zinazopakana hupimwa sampuli kabla ya watu kuhamia, kazi hii ni ya kila siku. Hapo ndipo mashine inapopata maana ya kibiashara.

Kuhusu mwili wa mtu, fanya hesabu usiamini maneno yangu. Chukua chumba cha m 3 kwa 3.5 chenye kimo cha m 2.8. Ujazo wake ni m³ 29.4. Kikiwa kitupu, mwangwi unaweza kuwa sekunde 1.2 hivi, na kwa kanuni ya Sabine (A = 0.16 V/T, yaani ufyonzaji kutokana na ujazo na muda wa mwangwi) humo ndani kuna meta za mraba 3.9 tu za ufyonzaji wa sauti. Mtu mzima aliyevaa anaongeza karibu nusu meta ya mraba. Hiyo ni nyongeza ya zaidi ya asilimia 12, na kiwango cha sauti chumbani kinashuka kwa nusu desibeli. Mtu akikaa ndani wakati wa kupima kiwango na wakati wa kupima mwangwi pia, kosa hilo linajifuta lenyewe. Akikaa ndani kwa kimoja na kutoka kwa kingine, kosa linabaki kwenye ripoti. Mashine isiyobadilika umbo haina shida hiyo. Halafu kuna masikio: chumba cha chanzo hufika desibeli 100, na ni vizuri binadamu asiwemo kabisa.

Lakini faida kubwa ni ile ya kurudi palepale, na hapa ningependa utulie. Ndani ya chumba kidogo sauti nzito haikai sawasawa. Katika urefu wa m 3.5, sauti ya hezi 49 inajipanga nusu wimbi kati ya kuta mbili: karibu na ukuta imejaa, katikati ya chumba karibu inapotea. Sogeza maikrofoni hatua moja na bendi ya hezi 50 inaweza kuruka kwa desibeli kadhaa, bila ukuta kubadilika hata chembe. Sasa fikiria mkandarasi ameziba nyufa, na wewe unarudi kupima kama kazi imesaidia. Ukisimama nukta nyingine, hujui kama desibeli tatu ulizopata ni za fundi au za mahali uliposimama. Mashine iliyorudi kwenye nukta zilezile, kwa kimo kilekile, inakupa tofauti ya ukuta wenyewe. Hilo ndilo jibu la kumpelekea msimamizi wako. Mtu anaweza kufanya kila kipimo ambacho roboti inafanya, lakini hawezi kukirudia vilevile.

Kwa nini nakuvuta mbali na magurudumu? Sababu ya kwanza ni mlango. Lazima ufungwe, na roboti ya bei ya mwanafunzi haifungui kitasa. Kwa hiyo ile picha ya mashine moja inayozurura kutoka chumba hadi chumba ivunje mapema. Unachohitaji ni vifaa viwili: kimoja chenye spika na maikrofoni chumba cha chanzo, cha pili chenye maikrofoni chumba cha kupokea, na wewe ukae koridoni na kompyuta. Sababu ya pili ni vitanda vya ghorofa, masanduku na ndoo, maana vyumba vya hosteli havina njia. Ya tatu ndiyo nzito kuliko zote. Kanuni inakataza nukta mbili za maikrofoni kulala kwenye bapa moja, yaani kuwa na umbali uleule kutoka ukuta mmoja, dari au sakafu, na inakataza zipangwe kwa mistari ya gwaride. Roboti ya magurudumu yenye mlingoti usiopanda wala kushuka inapima nukta zote kwa kimo kimoja. Itakuwa imekosea kila chumba itakachoingia, na kwa uaminifu mkubwa.

Tengeneza mkono. Stendi ya miguu mitatu, mlingoti unaopanda na kushuka, na juu yake mkono wenye maikrofoni kwenye ncha. Umbali wa kuzingatia ni huu: nukta kwa nukta angalau m 0.7, maikrofoni hadi ukuta, dari au sakafu angalau m 0.5, maikrofoni hadi spika angalau m 1. Chora duara la nusu kipenyo cha m 0.7 na uligawe mara tano: nukta jirani zinapishana kwa sm 82, kwa hiyo umetimiza. Duara na nafasi zake linahitaji m 2.4, nacho kile chumba cha mfano kina upana wa m 3. Spika ukiiweka upande wa kona, hakikisha inapita ile mita 1 kutoka kila nukta: pima kwa futi kamba, usikadirie. Badilisha kimo kwa kila nukta, na uligeuze duara kidogo ili nukta mbili zisiwe na umbali uleule kutoka ukuta mmoja, na lile sharti la bapa limetimia. Mikono inayozunguka mfululizo ipo siku nyingi kwenye fani hii, na kanuni inairuhusu kwa masharti yake: nusu kipenyo kisipungue m 0.7, mzunguko uchukue angalau sekunde 15, na bapa lake liinamishwe. Mimi ningekushauri mkono unaokwenda, unasimama, unapima, unakwenda tena. Sababu ni kunyamaza.

Kunyamaza ndiko kunakowashinda wengi wanaotoka kwenye roboti za kawaida. Ukuta ukiwa mzuri, kelele ya desibeli 100 upande mmoja inafika upande wa pili ikiwa 50 kwa ujumla, na kwenye bendi za juu inaweza kushuka hadi 25. Kelele ya mazingira inatakiwa iwe chini ya hapo kwa desibeli 10 ikiwezekana. Pungufu ya hapo unasahihisha kwa hesabu, na tofauti ikishuka hadi 6 unaandika kwenye ripoti kwamba kipimo kimefika ukomo. Feni ya kompyuta ndogo peke yake inatosha kuiharibu bendi ya hezi 2000. Mota za hatua zinalia hata zikiwa zimesimama, kwa sababu mkondo wa kuzishikilia unakatwakatwa. Kihisi cha leza kinachozunguka kinanguruma. Kwa hiyo panga programu yako hivi: fika kwenye nukta, kata umeme wa mota zote, zima kila kinachozunguka, subiri sekunde chache mlingoti utulie, ndipo urekodi. Tumia gia ya parafujo ili mkono usidondoke umeme ukikatwa. Rekodi kwa angalau sekunde 6 ili zitoshe kwa bendi za hezi 100 hadi 400, na ukishuka hadi hezi 50, 63 na 80 panda hadi sekunde 15. Betri itumike wakati wa kupima, maana mngurumo wa hezi 50 wa adapta mbovu utaukuta kwenye kila jedwali lako.

Kabla ya kupima jengo, pima mashine yako. Iweke chumba tulivu usiku, iwashe kama vile inafanya kazi, rekodi bendi zote, na jedwali hilo liwe ukurasa wa kwanza wa ripoti. Mtahini yeyote anayejua kazi hii ataliuliza.

Kuna jambo la nyanda za juu ambalo halivihusu vitabu vilivyoandikwa pwani ya bahari. Mbeya iko karibu m 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ina mgandamizo wa kilopaskali 82 au 83 badala ya 101. Maikrofoni huhakikiwa kwa kirekebishi, kifaa kinachotoa sauti ya kiwango kinachojulikana, na kuna cha aina ya pistoni, ambacho sauti yake inategemea mgandamizo wa hewa. Kikitumika Mbeya bila kusahihishwa kwa baromita, kinatoa pungufu ya karibu desibeli 1.8. Virekebishi vya kielektroniki vya desibeli 94 kwa hezi 1000 vingi vinajisahihisha, lakini soma karatasi yake uone mgandamizo wa chini kabisa kinaoukubali. Utaniambia kwamba kwenye tofauti ya vyumba viwili kosa linajifuta. Linajifuta kama maikrofoni ni moja. Wewe utakuwa nazo mbili, kwa hiyo zote zirekebishwe kwa kifaa kimoja, asubuhi na jioni, Iringa na Mbeya vilevile.

Kwa muda wa mwangwi usipasue maputo. Tumia mfagio wa sauti, yaani mlio mmoja unaopanda taratibu kutoka masafa ya chini hadi ya juu, kwa njia aliyoieleza Angelo Farina mwaka 2000. Ukiuchakata unapata mwitikio wa chumba, yaani jinsi chumba kingejibu kishindo kimoja kifupi, kisha unajumlisha nishati kutoka nyuma kuja mbele kama alivyoonyesha Manfred Schroeder mwaka 1965, na mstari wa kushuka unatoka laini kabisa. ISO 18233 inaruhusu mifagio kwenye majengo. Uzuri wake ni kwamba unavumilia kelele inayodumu, kama ile ya barabara kuu ya Tunduma kwa hosteli zilizo karibu na Mwanjelwa, au malori yanayopita Ipogolo kwa aliye Iringa. Kisichovumilika ni kishindo cha ghafla. Mlango ukibamizwa katikati ya mfagio, tupa ule urekodi. Programu yako iweze kuligundua hilo yenyewe na kurudia bila kukuuliza. Hapo ndipo uendeshaji wa mashine unapolipa. Spika na maikrofoni zitoke kwenye kadi moja ya sauti, la sivyo saa mbili tofauti zitaachana kidogo kidogo na mwitikio utavurugika.

Magurudumu yana mahali pake, nisikunyime. Ukumbi, kanisa, darasa la m 9 kwa 7: sakafu tupu, nafasi kubwa, nukta nyingi. Madarasa mengi huku kwetu hayana dari, yana bati juu na saruji chini, na mwalimu anamaliza sauti yake kwa mwangwi kabla ya kumaliza kipindi. Kanuni ya Marekani ya madarasa, ANSI S12.60, inataka mwangwi usizidi sekunde 0.6 kwa darasa la ukubwa huo. Roboti inayozunguka usiku kucha na kuchora ramani ya darasa ingeonyesha ni dawati lipi linalomsikia mwalimu na lipi linalosikia mchanganyiko wa maneno. Na kuna mvua. Kuanzia Novemba hadi Aprili mvua ya nyanda za juu inapiga bati mpaka somo linasimama. Kipimo cha maabara cha sauti ya mvua hutumia mvua ya kutengeneza. Uwanjani mvua inakuja inapotaka, na hakuna mpimaji atakayelala darasani kuisubiri. Kifaa kisichotembea kabisa, chenye maikrofoni, kipimamvua na betri, kikiachwa kwenye darasa lenye dari na lingine lisilo na dari katika shule moja, kitarekodi mvua moja ikianguka kwenye paa mbili. Hutapata namba ya kuweka kwenye cheti, lakini utapata ulinganisho wa haki. Ningeufurahia mradi huo kama ule wa hosteli, pengine zaidi, maana watoto wanapoteza masomo kwa jambo ambalo dari ya jipsamu ingelipunguza.

Turudi hosteli yako. Kabla ya kununua mota hata moja, panda darini na tochi. Ukuta wa tofali za saruji wenye lipu pande zote mbili unatakiwa kuzuia zaidi ya desibeli 40, na mazungumzo ya kawaida hayapaswi kueleweka ng'ambo yake. Mkisikiana neno kwa neno, nina shaka kubwa kwamba ukuta unaishia kwenye lenta. Ni desturi ya mafundi wengi wa Mbeya, Iringa na Njombe: ukuta wa kati unasimama usawa wa dari, juu yake zinapita kenchi za mbao za paini, na uwazi wa darini ni mmoja kwa vyumba vyote. Sauti inapanda kupitia silingi bodi, inatembea, inashuka kwa jirani. Ukuta wenyewe hauna kosa. Angalia pia matundu ya hewa juu ya milango na mwanya chini ya mlango. Mwanya wa sm 1 chini ya mlango wa sm 80 ni meta za mraba 0.008. Ukiwa kwenye ukuta wa meta za mraba 10, ni asilimia 0.08 ya eneo lote, na unatosha kuufungia ukuta wowote, hata wa zege, kwenye desibeli 31. Sauti na mwanya ni kama maji na ndoo iliyotoboka: unene wa plastiki hausaidii kitu.

Roboti yako haitayaona hayo. Itakuletea namba mbaya kwa usahihi wa hali ya juu. Kutafuta tundu ni kazi ya sikio, tochi na kiganja kinachohisi upepo, na hiyo ibaki kazi yako. Kuna roboti za miguu minne viwandani zinazobeba kamera za sauti kutafuta hewa inayovuja kwenye mabomba, lakini bei yake ni ya ulimwengu mwingine.

Kwa hiyo anza hivi. Omba kipima sauti cha daraja la 1 chuoni au kwa mshauri wa mazingira, hata kwa siku moja. Chagua ukuta mmoja wa hosteli mchana, wanafunzi wakiwa darasani, na uwape taarifa walinzi na mlezi wa hosteli, maana kelele ya desibeli 100 itawatoa watu mbio. Wenzako watatu wapime kwa mkono, kila mmoja kivyake, bila kuona majibu ya mwingine. Kisha mashine yako ipime mara tatu, ukiing'oa na kuisimika upya kila mara. Linganisha utawanyiko wa majibu, bendi kwa bendi. Wastani wa mashine ukikaribiana na wa kipima sauti, na utawanyiko wake ukiwa mdogo kuliko wa wenzako, umeshamjibu msimamizi wako kwa takwimu.

Ukishapata hayo, nitumie jedwali la bendi zote, usinitumie namba moja ya mwisho. Mstari ukipanda vizuri halafu ukalala kuanzia hezi 500 kwenda juu, tutatafuta mwanya. Ukiwa dhaifu chini na imara juu, tutazungumza kuhusu uzito wa tofali. Na kabla ya kutuma, andika pembeni ulichokiona darini: ukuta umefika kwenye bati, au umeishia kwenye lenta.